Jibu la Saba

Jumapili, 6 Julai

Daftari hili nimepewa ofisini kwa kutimiza mwaka wa sita wa kujibu malalamiko. Juu ya kila ukurasa wamechapisha maneno "Utulivu ni haki yako." Kuandika orodha ya mboga chini ya maneno hayo naona aibu, kwa hiyo nitaandika siku zangu mpaka karatasi ziishe au sanamu ya Ganpati, mungu wetu mwenye kichwa cha tembo, izamishwe majini mwisho wa sikukuu yake, kitakachotangulia.

Mvua tangu alfajiri. Kesho kikosi cha ngoma kinaanza mazoezi kwenye uwanja wa shule nyuma ya jengo letu. Ngoma mia na themanini chini ya paa la bati, kila jioni kuanzia saa kumi na moja mpaka saa tatu, hadi sikukuu ifike. Mji mzima wa Pune hufurahia. Mimi nikishashinda na watu wenye hasira sikioni, nikirudi nataka kusikia birika tu.

Mchana nilishuka ghorofa ya pili kwa Kaku Sathaye. Kaku maana yake shangazi, na jengo zima humwita hivyo, hata wanaomzidi umri. Mumewe, Appa, mwalimu mstaafu wa hesabu, alipasuka mshipa kichwani miaka minne na nusu iliyopita. Alipona kila kitu isipokuwa kelele. Ngoma zikilia hutetemeka, hutapika, huingia chini ya meza ya kulia, mtu mzima wa miaka sabini na mbili. Miaka mitatu mfululizo walikimbilia mji mdogo wa Bhor kwa kaka yake Kaku siku zote kumi za sikukuu, na hawakumkaribisha Ganpati kwao, kwa sababu akishakaa, nyumba haifungwi wala haiachwi tupu mpaka siku ya kumzamisha. Jambo hilo lilimtia Kaku uchungu kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwaka jana nikawaletea hedifoni za kampuni yetu, zile zinazozima kelele. Appa alikaa kwenye kiti chake siku zote kumi, Ganpati mbele yake, akijaza mafumbo ya gazeti. Tangu hapo Kaku akipika kitu kizuri, bakuli la kwanza linapanda kwangu.

Leo nimewawekea sasisho jipya lililotoka wiki hii. Nikaiambia na simu ya Kaku iwe inasasisha yenyewe kila hedifoni itakayounganishwa nayo, asihangaike. Yangu sijaisasisha. Simu yangu imejaa, na kila inaponiuliza nabonyeza "Baadaye".

"Haya, kichwa cha mume wangu kiko mikononi mwako," Kaku akasema, akanijazia sahani ya pohe, mchele bapa wa kukaanga.

Jumatatu, 7 Julai

Ngoma zimeanza. Vikombe vinacheza kabatini.

Jumatano, 9 Julai

Malalamiko kumi na manne, yote ya aina moja: tangu sasisho jipya, hedifoni hazizimi kelele kama zamani. Prathamesh, msimamizi wetu, kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye nywele nzuri, ametugawia karatasi mpya ya majibu. Haya yanaangukia Jibu la Saba: "Tumechunguza na hatujaona badiliko lolote katika uwezo wa kuzima kelele. Tafadhali safisha sponji za masikio, zima, uwashe upya. Tatizo likiendelea, huenda usikivu wako umebadilika, muone daktari."

Nimelisoma mara kumi na nne kwa sauti yangu ya upole. Sauti hiyo siku hizi inajiendesha yenyewe, mimi nikiwa nawaza chakula cha jioni.

Alhamisi, 10 Julai

Jibu la Saba mara thelathini na moja. Mvua.

Jumamosi, 12 Julai

Kaku alinikamata ngazini, mimi nimeloa, mfuko wa mboga unavuja maji.

"Vidula, ile mashine ya Appa imekuwaje?"

"Imekuwaje, Kaku?"

"Si ndiyo nakuuliza! Jana kainuka mezani mara mbili kwenda kujifungia bafuni. Anasema ngoma zinaingia."

"Umesafisha sponji?"

"Nimesafisha."

"Umezima ukawasha?"

"Nimezima nikawasha mpaka kidole kinauma, mwanangu."

Basi nikausikia mdomo wangu ukisema, kwa sauti ile ile ya ofisini, kwamba tumechunguza na hatujaona badiliko lolote, na huenda usikivu wa Appa ndio umebadilika.

Kaku aliugeukia mlango wake. Halafu akasema taratibu, "Kichwa chake. Kumbe ni kichwa chake tena." Akaingia ndani.

Sikukusudia ubaya. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na jibu lilikuwa karibu. Nimepika dengu zimeungua chini.

Jumatano, 16 Julai

Kando ya mlango wao Appa ana ubao mweusi, na kila wiki huandika tangazo kwa chaki, herufi zimenyooka kana kwamba amezipiga rula. Watu wa mtaa wetu hawaambiani jambo usoni kama ukuta upo. La wiki hii: "Saa saba mpaka saa kumi mchana tumelala. Nyumba ikiungua, anzeni kuzima wenyewe." Hilo linamlenga Bwana Barve wa ghorofa ya kwanza, katibu wa jengo, ambaye hugonga mlango wowote saa yoyote. Barve amelisoma mbele yangu akasema, "Mwandiko mzuri. Anamsema nani?"

Ijumaa, 18 Julai

Jibu la Saba mara arobaini na tano. Mama mmoja kaniuliza kama mimi ni mtu au mashine. Nikamwambia ni mtu. Akasema hana hakika.

Jumapili, 20 Julai

Nimefanya jambo ambalo ningelifanya wiki iliyopita kama ningekuwa nataka kujua.

Nilimwomba Kaku hedifoni zao, nikasema nataka kuzikagua. Saa kumi na mbili jioni, ngoma zimepamba moto, nikakaa barazani nikiwa na zao na zangu mapajani. Ni aina moja, zimetoka kiwandani mwezi mmoja. Nikavaa zangu kwanza, zile ambazo hazijasasishwa. Ngoma zikarudi nyuma, zikawa kama mtu anaburuta gunia nyumba ya tatu. Nikavaa zao. Zile ngoma ndogo kali zilipungua, lakini ule mshindo mkubwa ulikuja mzima mzima mpaka kifuani. Nikabadilisha tena. Nikabadilisha mara kumi na moja, kama mwendawazimu, majirani wa ng'ambo wakinitazama.

Si masikio ya Appa wala kichwa chake. Ni sasisho, na nililiweka mimi.

Nilizirudisha. Kaku akauliza, "Umeona nini?" Nikasema bado naangalia. Appa kwenye kiti chake akanitupia jicho. "Bibi Malalamiko," akasema, "ukikosa jibu andika hivyo hivyo, hakuna jibu. Mimi nilikuwa nawapa wanafunzi nusu ya alama kwa ukweli." Nikacheka. Najuta kucheka.

Jumanne, 22 Julai

Nimemkamata Prathamesh kwenye mashine ya chai.

"Niambie kweli. Wamepunguza nguvu?"

Akaangalia huku na huku. "Dada Vidula, haya mambo ya ghorofa ya juu mimi siyajui."

"Unayajua."

"Basi. Walitaka betri ifike saa sitini. Tangazo limeshachapwa, mabango yamepanda mpaka Mumbai. Kuzima kelele kunakula betri. Wakapunguza kidogo, wakadhani watu hawatasikia. Mimi sijasema, wewe hujasikia, sawa?"

"Si wairudishe ya zamani?"

"Hairudi. Wamefunga. Lakini mwezi ujao linatoka sasisho lingine, wanasema litaweka mambo sawa. Vumilia, dada. Kila mtu hapa ana watoto."

Mimi sina watoto, nina kodi ya nyumba na miaka arobaini na sita. Lakini nikashika hilo la mwezi ujao kwa mikono miwili. Nikajiambia nikimweleza Kaku sasa nitamtia wasiwasi bure, ilhali dawa iko njiani.

Jumamosi, 26 Julai

Mvua. Ngoma. Nimepita mlango wa Kaku kwa kunyata.

Jumanne, 29 Julai

Sikunyata vya kutosha.

"Njoo uonje," Kaku akaniita. Alikuwa amepika uji mtamu wa sago. Akakaa mbele yangu, mikono mapajani. "Tumekwenda kwa daktari. Nimemweleza ulivyoniambia, kwamba mashine ni nzima, yeye ndiye amebadilika. Daktari kasema basi ugonjwa unarudi. Amemwongezea kidonge cha kutuliza, kutoka nusu hadi kimoja na nusu."

Kijiko kilikuwa mdomoni. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na kila neno tayari, tena ni maneno machache. Nikameza uji nikasema, "Daktari ndiye anayejua, Kaku."

"Ndiyo. Afadhali wewe ulinifumbua macho mapema."

Nimekuja juu nikakaa sakafuni bila kuwasha taa ya jikoni. Miaka yote hii nimewapaka wateja mafuta kwa mgongo wa chupa na sikuona haya. Leo naona haya, na hata hivyo sikusema. Sijui nimekuwa mtu gani.

Jumamosi, 2 Agosti

Ubao: "Anayeegesha pikipiki mbele ya ngazi ajue kwamba na sisi tuna miguu." Maneno ni yake, lakini mstari umeanza juu kushoto ukaishia chini kulia. Barve ameondoa pikipiki yake kimya kimya.

Jumatano, 6 Agosti

Jibu la Saba mara hamsini na mbili.

Jumamosi, 9 Agosti

Ubao: "Viatu viwekwe". Basi. Havikuambiwa viwekwe wapi.

Jumatano, 13 Agosti

Ubao haujabadilika. Kupitia mlango uliofungwa nusu nilimwona Appa kwenye kiti saa nne asubuhi, kidevu kifuani, gazeti limemwangukia miguuni. Kaku akasema kwa furaha kabisa, "Sasa ngoma hazimsumbui." Ni kweli. Hakuna kinachomsumbua.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya uhuru, hakuna kazi. Ngoma kuanzia saa tatu asubuhi.

Jumapili, 17 Agosti

Appa ameanguka bafuni. Nilisikia kishindo kutoka juu, nikashuka mbio bila viatu. Barve alikwishafika, amemshika kwapani. Damu ilikuwa imejaa uso mzima, unyusi umepasuka. Macho yake yalinitazama bila kunitambua. Hospitali wamemshona nyuzi sita, na kifundo cha mkono wa kushoto kimeteguka.

Tukiwa kwenye benchi, Kaku akanishika mkono. "Ni vidonge vinamlegeza. Lakini nifanye nini? Nikipunguza, ngoma. Nikimwachia, sakafu. Na nimeshaagiza Ganpati. Mwaka huu alisema mwenyewe anataka siku zote kumi, kama enzi za mama yake. Anasema huenda ndiyo mara ya mwisho."

Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikasema nitaongea na ofisi.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimewapa hedifoni zangu. Lakini sikusema ni zangu. Nimesema ofisi imewabadilishia.

"Mpya yenye mkwaruzo?" Kaku akauliza, akazigeuza.

"Zilikuwa za maonyesho, Kaku."

"Mungu awabariki. Ofisi yenu ina watu wema."

Saa kumi na mbili jioni ngoma zilipopamba moto nikashuka kuazima chumvi ambayo sikuihitaji. Appa alikuwa mezani, bandeji usoni, gazeti mbele, penseli mkononi. Hakutetemeka hata kidogo. Akainua sikio moja akasema, "Bibi Malalamiko, mto wa Afrika wenye herufi nne." Nikamwambia Naili ina tano. Akasema, "Basi nina vidonge vingi, au wewe hujui mito." Kaku akacheka mpaka akafuta machozi. Leo jioni ndiyo mara ya kwanza tangu Julai nimekula chakula nikakisikia ladha.

Jumanne, 19 Agosti

Appa amecheka. Nimemsikia kutoka ghorofa ya tatu. Kaku anasema hali ikiendelea hivi wiki moja, daktari atapunguza kidonge.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimerudi kazini nikamkuta Kaku mlangoni, simu mkononi, anatabasamu.

"Tazama, imeandika kwamba imemaliza kusasisha. Jana niliziunganisha nayo hizi za ofisi, ikafanya yenyewe tu, kama ulivyoipanga. Nikasema nitamwambia Vidula atafurahi."

Sasisho la Agosti lilitoka jana asubuhi. Nililiona ofisini, nikasoma maelezo yake yote, halikurekebisha kitu: rangi mpya za programu na "maboresho madogo". Sikukumbuka simu ya Kaku. Mimi ndiye niliyeiambia ijisasishe yenyewe, na simu ikatii.

Jioni Appa alikuwa chini ya meza.

Ijumaa, 22 Agosti

Jibu la Saba mara sitini.

Jumapili, 24 Agosti

Mvua imekatika, ngoma zinasikika safi. Ninaamka nimechoka, ninalala nimechoka.

Jumanne, 26 Agosti

Wameleta sanamu. Ganpati mdogo wa udongo, urefu wa kiganja na nusu, mkonga umepinda kushoto, macho mapole. Kaku amemfunika kitambaa mpaka kesho. Amenionyesha kidogo, kama mtu anayemwonyesha jirani mtoto mchanga.

Nilitaka kumwambia asimkalishe, waende Bhor leo hii. Lakini angeuliza kwa nini.

Jumatano, 27 Agosti

Nitaandika kila kitu.

Saa tatu na nusu kuhani alifika, akamkalisha Ganpati kwenye meza ndogo yenye majani ya migomba. Kaku alikuwa amevaa sari yake ya hariri ya kijani. Appa aliketi pembeni, hedifoni zangu masikioni, anaitikia sala kwa midomo tu. Tulizungusha taa mbele ya sanamu, tukala modak, maandazi ya mchele ya kupikwa kwa mvuke, zikiwa bado moto, nazi na sukari guru zinatutiririka vidoleni. Kuhani akaenda zake. Kwa nusu saa nyumba ile ilikuwa na furaha, na mimi nilikuwa ndani yake kama mwizi.

Saa tano msafara wa mtaa ukaingia kwenye kichochoro chetu. Vikosi viwili, vimefuatana. Ngoma zinapopita katikati ya majengo haya ya zamani, sauti haina pa kwenda. Vioo vilitetemeka, taa mbele ya Ganpati ikayumba. Appa akashika hedifoni kwa mikono miwili, ule wenye bandeji pia, akazibana. Halafu akaanza kutoa sauti ambayo sijawahi kusikia kwa mtu mzima. Akateleza kutoka kitini akaingia chini ya meza ya kulia, magoti kidevuni, akatapika kwenye kanzu yake mpya.

Kaku alipiga magoti, akamshika kichwa. "Basi, basi, wanapita." Lakini kilikuwa kinafuata kikosi cha pili. Akainuka akaenda kabatini, akarudi na kopo la vidonge. "Kimoja na nusu hakitoshi. Nitampa viwili na nusu. Daktari atanisamehe."

Nikamshika mkono.

"Usimpe."

"Niachie, Vidula."

"Usimpe, Kaku! Si yeye. Hajazidiwa. Ni mashine."

"Mashine wewe mwenyewe umesema ni nzima."

"Nilikudanganya."

Nilikuwa napiga kelele, maana ngoma zilikuwa mlangoni. Nikamweleza hivyo hivyo kwa kelele: sasisho la Julai, betri ya saa sitini, Jibu la Saba, zile hedifoni za pili ni zangu, hakuna ofisi iliyobadilisha kitu, na simu yake imeziharibu kwa kuwa mimi niliipanga hivyo. Sijui alisikia mangapi. Ngoma zilipopita, nikajikuta bado napiga kelele kwenye nyumba iliyonyamaza.

Kaku alikuwa amesimama na kopo mkononi.

"Umejua tangu lini?"

"Kwa hakika, tangu tarehe ishirini Julai."

Akahesabu kwa kugusa vidole na kidole gumba, kama anavyohesabu siku za kufunga. "Siku thelathini na nane. Siku thelathini na nane unapanda na kushuka mbele ya mlango wangu, unakula uji wangu. Nikakuambia wameongeza kidonge, ukaniambia daktari ndiye anayejua."

"Ndiyo, Kaku."

"Nilikuwa namlaza mume wangu mzima kama maiti, nikifurahi kwamba ametulia."

 Sauti yangu ya upole ilikuwa imeniacha, na nashukuru. Nililia tu. Kaku hakulia. Akakaa chini sakafuni karibu na meza, akamfuta Appa mdomo kwa pindo la ile sari ya hariri, akampigia simu daktari. Daktari akasema kipunguzwe kuanzia leo, kidogo kidogo, na mgonjwa aondolewe kwenye kelele.

"Aondolewe," Kaku akarudia, akamtazama Ganpati. "Ameshakaa. Siwezi kufunga nyumba. Ningejua jana, jana tu, nisingemkalisha."

"Nitakaa naye mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Siku zote kumi. Taa asubuhi na jioni, maua, chakula chake. Mlango hautafungwa. Na siku ya mwisho nitamzamisha."

"Modak unajua kupika?"

"Zinapasuka."

 Kutoka chini ya meza sauti ya Appa ikasema, nzito lakini yake, "Zikipasuka huyo wa mezani atakula. Hatukula za kwako, mke wangu, siku ya kwanza ulipozipika?"

Kaku hakucheka. Ila akanionyesha mahali pa utambi na mafuta.

Alhamisi, 28 Agosti

Wameondoka kwenda Bhor kwa teksi asubuhi kabla ngoma hazijaanza. Kabla ya kushuka, Appa aliomba chaki. Alisimama kwenye ubao karibu robo saa, Barve amemshikilia kiuno. Herufi zimepinda, mbili zimepandana, lakini zimefika zote:

"Mlango huu hautafungwa siku kumi. Ndani yuko Ganpati, na yuko Vidula aliyetudanganya. Mpeni chai. Sukari msimpe."

Kaku hakuniaga.

Ijumaa, 29 Agosti

Saa kumi kamili Barve ameleta chai. Haina sukari. "Nimeagizwa," akasema, akasimama kuhakikisha nimemaliza.

Jumamosi, 30 Agosti

Vikosi vitatu vimepita. Sina cha kuvaa masikioni, na nisingevaa. Nilikaa mbele ya Ganpati nikasikia ngoma zote, mpaka meno. Modak saba kati ya kumi na moja zimepasuka. Chai bila sukari.

Jumapili, 31 Agosti

Mama wa ghorofa ya nne naye kaleta chai. Bila sukari. Jengo zima linajua kusoma.

Jumanne, 2 Septemba

Prathamesh ameniruhusu kufanya kazi nikiwa nyumbani. Nimeweka kompyuta pembeni ya Ganpati. Simu ya kwanza ilikuwa ya mzee wa mji wa Surat, anasafiri kwa treni kila siku, anasema hedifoni zimekuwa kama bure. Karatasi ya majibu ilikuwa mbele yangu. Nikasema, "Ndiyo, baba. Sasisho la Julai limepunguza nguvu. Si masikio yako."

Naye akasema, "Asante, mwanangu. Mimi nilishaanza kumwogopa daktari wa masikio."

Nimewaambia hivyo watu ishirini na watatu. Sikujiona shujaa. Nilijiona mtu aliyechelewa.

Jumatano, 3 Septemba

Prathamesh kapiga simu, ananong'ona. "Dada, unajua simu zinarekodiwa?"

"Najua. Ndiyo maana nilisema polepole."

Barua ya kunitaka nijieleze imefika saa nane. Nitajieleza. Chai bila sukari.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimempigia Kaku kumuuliza kama kesho Ganpati anazamishwa kabla au baada ya saa sita. "Kabla," akasema. Nikauliza hali ya Appa. "Amerudi kwenye nusu kidonge. Jana amegombana na kaka yangu juu ya kujumlisha." Akakata. Ndiyo maneno mengi zaidi aliyonipa tangu siku ile.

Jumamosi, 6 Septemba

Nilimzungushia taa ya mwisho asubuhi, nikamwekea mtindi na wali wa safari mkononi. Barve akashika mwavuli, mimi nikambeba kifuani mpaka kwenye tangi la manispaa kando ya mto, tukipenya katikati ya ngoma ambazo leo hazina idadi. Nilimshusha majini mara tatu, ya tatu nikaachia. Udongo ulianza kuyeyuka mkonga kwanza. Nilimwomba msamaha, halafu nikakumbuka kwamba si yeye niliyemkosea.

Saa kumi Barve akaja na kikombe kama kawaida. Nikajiandaa, nikavuta funda kubwa ili yaishe haraka. Ilikuwa tamu.

"Bwana Barve, umekosea."

"Sijakosea. Mzee amepiga simu kutoka Bhor. Kasema leo tia kijiko kimoja."

"Kaku naye kasema hivyo?"

"Nilimuuliza. Kasema kijiko hicho ni cha mzee peke yake. Cha Kaku, ukamwombe mwenyewe."

Nililia mbele ya Barve, na yeye, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akajua wakati wa kuondoka.

Wanarudi kesho mchana. Ganpati ameshakwenda, kwa hiyo sasa naruhusiwa kufunga nyumba na kupanda kwangu nikalale. Sijaifunga. Nimekaa kwenye kiti cha Appa, mlango uko wazi.